Kufungasha data si dawa ya kila programu sambamba
Wengi huamini kwamba data ikifungashwa kwenye bafa (eneo la muda la kumbukumbu) kwa MPI_Pack kabla ya kutumwa kwa MPI, yaani kiwango cha kutumiana ujumbe kati ya michakato ya programu sambamba (inayofanya kazi sehemu nyingi kwa wakati mmoja), programu itakwenda kasi zaidi. Si kila mara. Faida ipo penye vipande vidogo vilivyotawanyika, mathalani namba kamili moja, desimali tatu na herufi kadhaa: gharama ya kuanzisha ujumbe hulipwa mara moja tu. Lakini safu ya desimali milioni moja, kila moja baiti 8, ikiwa imeshapangika mfululizo kwenye kumbukumbu, itume ilivyo. Kuifungasha ni kunakili megabaiti 8 bure! Na ukilazimika kufungasha, usijumlishe baiti za vipande kukisia ukubwa wa bafa. Tumia MPI_Pack_size, inayokupa ukubwa unaotosha, kwani maktaba ya MPI huweza kuhitaji nafasi ya ziada.