Kitambaa cha shingoni cha Quick Draw McGraw

Mtazame vizuri Quick Draw McGraw, sherifu wa katuni: farasi mweupe anayetembea kwa miguu miwili, kofia nyekundu, bastola kiunoni, kitambaa shingoni. Watu hucheka bastola, maana hujilipua nayo mwenyewe. Mimi nachora katuni kwa riziki, jicho langu huenda kwenye kitambaa.

Kipindi chake kilianza Marekani Septemba 1959, televisheni za huko zikiwa zimejaa makauboi. Waliokitengeneza, William Hanna na Joseph Barbera, ndio waliokuwa wakitengeneza Tom and Jerry kule MGM, kampuni ya sinema, hadi kampuni hiyo ilipofunga idara yake ya katuni mwaka 1957. Sinema ilikuwa na pesa ya kuchora kila kitu. Televisheni haikuwa nayo.

Sekunde moja ya filamu ni fremu 24, yaani picha 24, na kuchora mwili mzima upya kwa kila mwendo ni kazi ya kuvunja mgongo. Wakagawa mwili vipande. Kiwiliwili kinachorwa mara moja kwenye plastiki angavu na kuachwa hapo. Kichwa kinakaa kwenye plastiki nyingine juu yake, mdomo kwenye nyingine tena. Farasi akiongea, unabadilisha mdomo tu. Taabu iko shingoni, vipande vinapokutana: mstari ukihama kidogo tu, mtazamaji anauona. Kitambaa kinaficha mshono. Ndiyo maana hata dubu Yogi, katuni yao nyingine, ana kola na tai, na shati hana!

Sasa mwili umetulia, nani atachekesha? Sauti. Daws Butler aliigiza peke yake sauti ya Quick Draw na ya msaidizi wake Baba Looey, punda mdogo mwenye lafudhi ya Kimeksiko (lafudhi ambayo leo ningeiondoa bila kujadiliana na mtu). Sherifu ni mzito wa kuelewa, punda anaona hatari mapema, na akifungua mdomo anakumbushwa kwamba kufikiri ni kazi ya bosi. Sisi tunaotukanana kwa jina la punda tuna la ziada la kucheka hapo.

Mara nyingine Quick Draw anavaa barakoa na kujiita El Kabong, dhihaka ya Zorro, yule shujaa wa hadithi mwenye barakoa na upanga. Anajirusha kwa kamba, mara nyingi anaukumba ukuta, kisha anampasulia mhalifu gitaa kichwani. Pigo lenyewe linapita upesi. Linalobaki ni mlio wa zile nyuzi zilizolegea, kabong!, na hata ukiwa jikoni unajua kuna mtu kapata yake.

Ila ninayempenda zaidi ni Snuffles, mbwa wa kunusa wezi, asiyefanya kazi bila biskuti. Akiipata, anajikumbatia, anapaa hewani kwa raha, halafu anashuka polepole kama unyoya. Biskuti nyingine, kituko kilekile. Mchoraji ndani yangu anajua kurudia ni njia ya kubana matumizi, lakini kila akipewa biskuti mimi huacha nilichoshika nikamsubiri apae.