Je, wajua? Kwaya hii ya majina ya mahali iliandikiwa santuri

Kuna kipande cha kwaya kisicho na noti hata moja ya kuimba. Sauti nne, soprano, alto, teno na besi, zinatamka majina ya mahali kwa mdundo: Trinidad, Mississippi, Honolulu, Titicaca. Teno huanza, wengine wanaingia mmoja mmoja na maneno yaleyale huku yeye keshasonga mbele. Mtindo huo wa utunzi huitwa fugi, na kipande chenyewe ni Fugi ya Jiografia. Nagasaki na Yokohama zinakaa mdomoni mwetu kama zimetoka Tanga.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Ernst Toch, mzaliwa wa Vienna (1887), alikitunga ili kwaya ichekeshe watu ukumbini. Niliwaambia hivyo na wenzangu, tena bila kusitasita. Kumbe sivyo. Kiliposikika kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1930, katika tamasha la muziki mpya, kilichotoa sauti kilikuwa santuri. Watamkaji walirekodiwa mapema, kisha santuri ikazungushwa kwa kasi kuliko ile ya kurekodia. Maneno yalikuwa malighafi tu. Toch alitaka yasikike kama ala, hadi msikilizaji asahau kwamba yalitoka kinywani mwa mtu. Hata Trinidad si ya asili. Kijerumani cha awali kinaanza na Ratibor, mji ambao leo uko Poland. Kipande hicho pia kinatangaza kwamba mlima Popocatepetl hauko Kanada bali Meksiko. Ni kweli, ila nadhani umewekwa pale kwa ajili ya zile p na t zake.

Sasa, kwa nini kasi ibadilishe sauti? Chukua kijiti ukipitishe juu ya bati la migongo. Polepole utasikia ka, ka, ka. Ukikimbia nacho, migongo ileile inatoa krrr nyembamba. Bati halijabadilika, kijiti kinagonga migongo mingi zaidi kwa sekunde. Mfereji wa santuri ni bati dogo sana, na sindano ndiyo kijiti. Ukiongeza kasi mara mbili, muda unakuwa nusu na sauti inapanda oktava nzima: do ya chini inakuwa do ya juu. Waliokulia na redio kaseti wanaijua upande wa pili: betri zikikaribia kuisha, mwimbaji anaanza kuburuta na kugeuka babu.

Toch aliongeza kasi kiasi gani? Santuri zile zimepotea, hivyo majibu yanayotolewa ni makisio.

Yeye mwenyewe, akiwa Myahudi, aliikimbia Ujerumani ya Wanazi mwaka 1933, akaishia California. Simfoni yake ya tatu ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1956, lakini kinachopigwa zaidi ni huu mzaha, tena na kwaya hai, yaani kinyume cha alivyoupanga.

Ukitaka kujaribu mbinu hiyo ya kasi nyumbani, usitumie kitufe cha mara mbili cha ujumbe wa sauti kwenye simu. Programu hiyo hukatakata sauti na kuiunga upya ili isipande, kwa hiyo utapata watu wenye haraka tu. Tafuta programu ya kuhariri sauti inayobadilisha kasi na kimo (ujuu wa sauti) kwa pamoja.