Bei mbili za dawa moja: sheria ya Marekani inasema nini hasa

Ndugu zetu wengi wanaoishi Marekani huamini kuwa kuuza dawa ileile kwa bei mbili ni kosa huko. Si kweli. Sheria ya Robinson-Patman ya 1936, iliyotungwa kuyakinga maduka madogo dhidi ya makubwa kama A&P, haikatazi punguzo. Inamzuia muuzaji kuwatoza bei tofauti wanunuzi wanaoshindana, kwa bidhaa ya aina na ubora uleule, pale ushindani unapoweza kudhurika. Akithibitisha kuwa kumhudumia mnunuzi mkubwa kunamgharimu pungufu, au kwamba alishusha bei ili kuifikia ya mshindani wake, hana kosa. Zipo na imani nyingine zisizo sahihi:

"Hospitali isiyo ya faida hununua kwa bei ya chini, basi imuuzie yeyote."

Hapana. Msamaha wa 1938, unaoziondoa taasisi zisizo za faida kwenye sheria hii, unahusu vitu vya matumizi yao wenyewe tu. Wafamasia wa Portland, Oregon, walipoishtaki kampuni ya dawa ya Abbott Laboratories na wenzake, mwaka 1976 Mahakama ya Juu ilichora mpaka. Aliyelazwa yumo. Aliyeletwa kwa dharura yumo. Anayeruhusiwa kwenda nyumbani na kufungiwa dawa za kuanzia yumo pia. Ila mgonjwa huyohuyo akirudi baadaye na chupa tupu, aongezewe dawa ileile, yuko nje ya msamaha. Mpaka huu naona ni wa haki: dirisha la hospitali lingeachwa wazi kwa kila mpita njia, famasi ya jirani ingefunga milango.

"Famasi ndogo ikitozwa zaidi, itashinda kesi."

Lazima ioneshe imepoteza wateja kwa sababu ya bei hiyo. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York iliyakataa madai ya famasi kadhaa, kwani wateja waliohama walikuwa wachache mno.

"Sheria hii inamlinda mgonjwa."

Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana watu hulitegemea. Sheria inatazama wafanyabiashara wanaoshindana, na mgonjwa hashindani na mtu. Mtengenezaji anaweza kuirudishia kampuni inayosimamia dawa za bima sehemu ya bei, huku asiye na bima akilipa bei kamili kaunta.

Lakini tangu 2018 sheria nyingine inakataza mikataba ya bima kumziba mdomo mfamasia. Muulize kabla hujatoa kadi: "Nikilipa taslimu bila bima, ni kiasi gani?" Anaruhusiwa kukujibu.