Shule kubwa za Arusha na Moshi: si lazima ujuane na mtu

Kwenye vikao vya harusi Arusha na Moshi utasikia wimbo uleule miaka nenda rudi: shule kubwa za binafsi haziingiliki bila kujuana na mtu, na zile za kimataifa ni za watoto wa wazungu.

Dhana hiyo ina chanzo. Shule ya kimataifa ya Moshi ilianza 1969, ikihudumia watoto wa wageni waliokuja kwa ajili ya hospitali ya KCMC. Ila tangu 2019 shule hiyo, yenye kampasi Moshi na Arusha, ni UWC East Africa, moja ya shule za mtandao wa kimataifa wa United World Colleges (UWC), na mlango wake umepanuka. Kwa miaka miwili ya mwisho ya sekondari, kijana Mtanzania anaweza kuomba kupitia kamati ya taifa ya UWC, akasailiwa yeye, si baba yake. Msaada wa ada hupimwa kwa uwezo wa familia.

The School of St Jude ya Arusha, iliyofunguliwa 2002, ndiyo imepindua mambo kabisa. Haitozi ada, inataka mtoto mwenye akili kutoka familia maskini, na watu wa shule hufika hadi nyumbani kuthibitisha. Hapo mjomba tajiri anakuharibia!

Kwa anayelipa mwenyewe, kikwazo kikubwa ni ada, tusidanganyane. Kingine ni kuchelewa: wazazi wengi huulizia nafasi Januari, wakati shule za mtaala wa kimataifa kwa kawaida hufungua mwaka wao Agosti.