Mtoto anajua kupunjwa. Usawa ni zaidi ya hapo

"Hata mtoto mdogo anajua usawa." Kila wakizungumzia mgawanyo wa mali hapa Bagamoyo, vijiweni hata jukwaani, lazima mtu aseme hivyo. Usawa katika mgawanyo ni kila anayestahili kupata fungu lake bila kupunjwa wala kupendelewa. Watu hushika hilo la kupunjwa, la kupendelewa wakaliacha, na linaniudhi kwa sababu ndilo gumu.

Kukataa kupunjwa hakuhitaji mwalimu. Mwaka 2015 Peter Blake na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa miaka 4 hadi 15 katika nchi saba. Wawili wanakaa mkabala, peremende zimeshagawanywa, na mmoja ndiye mwamuzi: akikubali, kila mtu anachukua zake, akikataa, wote wanakosa. Katika nchi zote saba, waamuzi waliowekewa kidogo walifikia umri wa kukataa. Kukataa kwa sababu umewekewa kingi kuliko mwenzako kulionekana Uganda, Kanada na Marekani tu, tena kwa watoto wakubwa.

Nenda ufukweni jioni, ngalawa zikirudi. Watoto waliosaidia kuvuta hupewa kitoweo. Aliyepata vibua viwili analalamika palepale: "Mbona mimi viwili, yeye vinne?" Wa vinne keshavitunga kwenye ukuti, anaondoka zake kimya. Simlaumu, ni mtoto.

Hata hivyo kazi ya pamoja hubadilisha mambo mapema. Katharina Hamann na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba watoto wa miaka 3 waliovuta kamba pamoja ili wapate zawadi waligawana sawasawa mara nyingi zaidi kuliko waliozikuta tu.

Walioandika Azimio la Arusha mwaka 1967 hawakuiachia silika kazi ya kukataa kupendelewa. Miiko ya uongozi ilimkabili mwenye nafasi ya kupendelewa: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asimiliki nyumba za kupangisha.

Kwa hiyo, ndugu mzungumzaji, nakuomba useme mtoto anajua kupunjwa. Hapo tuko pamoja. Neno usawa lilete ukiwa tayari kumzungumzia na yule aliyezidishiwa, hata kama ni wewe au mimi.