Je, Wajua Kwa Nini Maziwa ya Chai Hayahesabiwi?

Hodi ilipigwa saa nne asubuhi. Shangazi yangu, pale Mokowe, Lamu, alikuwa barazani akichambua mchicha. Aliyeingia ni binti mmoja mwenye simu kubwa mkononi na utepe wa rangi tatu mfukoni. Akaamkia, akakaribishwa jamvini, akaeleza kuwa anakusanya habari za chakula nyumba kwa nyumba. Kisha maswali: katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi mmekula wali, sima, mkate au muhogo? Siku ngapi kunde au maharagwe? Walipofika kwenye maziwa, shangazi akajibu bila kufikiri, "Kila siku, mwanangu."

"Ya kunywa, mama, au ya chai?"

"Ya chai."

Binti akaandika sufuri.

Shangazi aliudhika. Maziwa kayanunua kwa pesa zake, tena asubuhi na jioni, halafu yanaandikwa sufuri?

Kipimo alichokuwa anajaziwa ni kile kinachotumiwa sana na Mpango wa Chakula Duniani, WFP. Vyakula hugawanywa mafungu, na kila fungu lina uzito wake kwa kadiri ya lishe iliyomo. Nafaka na mizizi ni 2, jamii ya kunde 3, mboga 1, matunda 1. Nyama, samaki na mayai ni fungu moja lenye 4, maziwa nayo 4. Sukari na mafuta kila kimoja nusu. Chumvi, viungo na majani ya chai havina kitu. Unachukua idadi ya siku, unazidisha kwa uzito, unajumlisha.

Tuchukue nyumba ya mfano. Sima au wali siku 7: 14. Kunde siku 2: 6. Mchicha siku 4: 4. Embe siku 1: 1. Samaki siku 2: 8. Sukari na mafuta kila siku: 3.5 na 3.5. Jumla 40. Mahali ambapo watu hutumia sukari na mafuta karibu kila siku, kama kwetu pwani, mstari wa chini huwekwa 28 na wa juu 42. Kwa hiyo nyumba yenye 40 imo katikati: haijaanguka, wala haijasimama sawasawa. Sasa wahesabie maziwa ya chai kwa siku saba. Saba mara nne ni 28. Nyumba ileile, sufuria ileile, inaruka kutoka 40 hadi 68 na kuonekana imeshiba kuliko jirani yake anayekula samaki siku nne. Vijiko viwili vya maziwa vimebadilisha hali ya mtaa mzima kwenye karatasi.

Ndiyo maana kilichotiwa kidogo kwa ajili ya rangi au ladha huhesabiwa kama kiungo tu. Kipande cha ng'onda, samaki aliyekaushwa, kilichochemshwa ndani ya mchuzi ili unukie samaki kina hukumu hiyohiyo. Kitoweo kinachoonjwa na kitoweo kinacholiwa si kitu kimoja, na mpishi yeyote wa Lamu anaijua tofauti hiyo hata kama hajawahi kujaza fomu.

Mtu atauliza: mzunguko wote huu wa nini? Si umuulize mwenye nyumba kama ana njaa, akujibu, uende zako? Nenda ukamuulize. Mmoja atakwambia "alhamdulillahi, tunashukuru", na jiko lake limelala tangu jana, kwa sababu kwetu njaa husetiriwa. Mwingine kasikia kwamba kuna chakula cha msaada kinakuja, atakwambia wanakufa. Majibu yote mawili hayapimiki. Matendo, lakini, yanahesabika, na siku saba ni muda ambao mtu bado anaukumbuka. Ukimpeleka nyuma mwezi mzima atakisia.

Hata matendo yanataka akili. Ukiwapima watu wa Lamu katika Ramadhani kwa kuhesabu milo tu, utadhani mji mzima umepunguza kula. Ukiangalia aina za vyakula kwenye futari, utadhani mji umeneemeka.

Baada ya vyakula, binti alihamia maswali matano mengine, nayo yanahusu mbinu za kuvuka siku. Ni siku ngapi mlikula chakula msichokipenda kwa kuwa ni rahisi? Siku ngapi mlikopa chakula au kuomba kwa jamaa? Mlipunguza sahani? Mlipunguza milo? Na je, kuna siku wakubwa walijinyima ili watoto wale? Hapa pia kuna uzito. Kula cha bei nafuu ni 1, kupunguza sahani au milo ni 1, kukopa ni 2, wakubwa kujinyima ni 3. Shangazi alijibu manne ya kwanza huku akiendelea na mchicha wake. La tano alinyamaza, akaangalia mlango wa jikoni.

"Andika mbili," akasema.

Mbili mara tatu, sita.

Jambo dogo la lugha: fomu husema "kaya", na kwa Mmijikenda wa upande wa Malindi kaya ni msitu wa wazee, si nyumba ya mtu. Binti huyu alikuwa mjanja, aliuliza wangapi wanakula kutoka sufuria moja. Nyumba zetu hukaa hata familia tatu, na si lazima wapike pamoja.

Majibu kama haya, pamoja na bei za sokoni na picha za setilaiti zinazoonyesha ukijani wa malisho, ndiyo hulisha taarifa za kila mwezi za Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, katika kaunti 23 kavu za Kenya, Lamu na Kilifi zikiwemo. Kwa wafugaji, mbuzi ndiye mizani. Tuseme mbuzi anauzwa shilingi 4,000 na kilo ya mahindi ni 50: mbuzi mmoja ni kilo 80. Mbuzi akikonda akauzwa 3,000 na mahindi yakapanda hadi 75, mbuzi huyohuyo ni kilo 40. Hakuna aliyekufa njaa bado, na tayari nusu ya chakula imeondoka. Kwa mvuvi, kusi, upepo wa kusini, likivuma bahari huchafuka na vyombo vidogo vinakaa pwani, basi samaki wa mwezi wa Julai hulinganishwa na Julai nyingine, si na msimu wa kaskazi, upepo wa kaskazini.

Huko mbele kuna ngazi ya hatua tano ya kupima ukali wa njaa, iitwayo IPC, iliyoanzia Somalia mwaka 2004. Hatua ya tano, baa la njaa, haitangazwi kwa hisia: angalau nyumba 20 katika kila 100 ziwe zimekosa chakula kabisa, watoto 30 katika kila 100 wawe wamekonda kwa utapiamlo, na watu 2 katika kila 10,000 wawe wanakufa kila siku. Julai 2011 ilitangazwa kusini mwa Somalia, ng'ambo ya mpaka wetu wa Kiunga. Makadirio yaliyotolewa 2013 yalisema watu wapatao 258,000 walikufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, karibu nusu yao kabla ya tangazo lenyewe. Ukingoja hatua ya tano, umechelewa, ndiyo maana binti anahangaika na vijiko vya maziwa.

Mwisho akamwita mjukuu wa shangazi, mwenye miaka miwili. Akatafuta katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto, akauzungusha utepe. Kati ya miezi sita na miaka mitano unene wa mkono hubadilika kidogo sana kwa umri, kwa hiyo utepe mmoja unawatosha wote. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Hadi 12.5 ni njano. Akambonyeza na miguu kwa kidole gumba, maana mguu uliovimba ukabaki na shimo ni hatari hata utepe ukisema vizuri.

Mkono ulisoma 13.6. Kijani.

"Basi ile sufuri yangu ya maziwa ifute," shangazi akasema.

Binti alicheka, akafunga simu. Sufuri ilibaki.