Leo Mwokozi, kesho Mtesi: viti vitatu vya ugomvi wa kifamilia

Wengi wanaokuja kwangu kwa ushauri hapa Nakuru huanza na swali moja: kati yetu, mwenye makosa ni nani? Huwa silijibu. Ugomvi ukishaota mizizi, mwenye makosa wa saa nne siye wa saa tano. Mimi nauliza: mambo yaligeukia wapi?

Swali hilo nina deni nalo kwa Stephen Karpman, daktari wa akili wa Marekani aliyekuwa mwanafunzi wa Eric Berne, daktari mwenzake aliyeanzisha nadharia ya kuchambua jinsi watu wanavyohusiana. Mwaka 1968 alichapisha makala yenye mchoro wa pembetatu iliyosimama kwa ncha. Juu wako Mtesi na Mwokozi, chini kwenye ncha yuko Mnyonge. Watu wakishauona huanza kubandikana majina, "mume wangu ni Mtesi, mimi ni Mnyonge", na hapo somo limewapita. Karpman alizichambua hadithi za watoto za Ulaya kuonyesha kwamba utamu wake unatokana na wahusika kuhamahama. Fikiria viti vitatu ambavyo hakuna anayekikalia kimoja mpaka mwisho.

Nichukue kisa. (Nimekiunga kutokana na visa vya watu kadhaa, kwa hiyo usimtafute jirani yako humu.) Dada mkubwa anaishi mtaa wa Section 58 na ana kibanda cha nguo mjini. Mdogo wake wa kiume yuko Kaptembwa, anaendesha boda boda ya mkopo. Jioni moja anapiga simu: "Dada, kesho wanakuja kuchukua pikipiki. Sina mwingine ila wewe."

Hajaomba pesa. Hajataja kiasi, wala atarudisha lini. Ametaja shida akanyamaza, na kimya hicho dada anakijaza mwenyewe: "Ni ngapi?" Elfu nane. Dada hana elfu nane. Anachota akiba ya chama, inayobaki anaifuliza, yaani anaikopa kwenye simu, anatuma. Usiku huo analala akijiona mtu mwema.

Siku chache baadaye kijana anaweka picha kwenye status, yuko Lanet mbele ya sinia la nyama choma. Dada hamwandikii yeye. Anaandika kwenye grupu ya familia, wajomba na mashangazi wakisoma: "Wengine tunakopa ili wengine wale nyama." Kiti cha Mwokozi kimeachwa wazi. Kijana naye hagusi habari ya pesa: "Kumbe ulinisaidia upate kunisimanga? Heri wangechukua hiyo pikipiki." Mama, aliyeko Njoro, anatuma ujumbe mrefu wa sauti: "Mwanangu, wewe ndiwe mkubwa. Mbona unamwaibisha mwenzako mbele ya watu?" Basi mama ndiye Mwokozi, kijana Mnyonge, dada Mtesi. Kabla ya saa tatu usiku dada amejitoa kwenye grupu, analia kwamba amewafanyia yote na hakuna anayemwona. Sasa Mnyonge ni yeye, na shangazi tayari anatafuta simu ampigie kumbembeleza.

Kati ya viti hivi, ninachokiogopa zaidi ni cha Mwokozi, kwa sababu anayekikalia husifiwa kanisani, kwenye harambee na matangani. Mtesi kila mtu anamwona. Mwokozi hutoa asichoombwa, hutoa kupita uwezo wake, na hataji masharti, ilhali masharti anayo moyoni. Masimango huzaliwa na deni lile ambalo halikutamkwa. Sisemi tuache kusaidiana. Bila kaka na dada wakubwa kulipa karo, wengi wetu tusingefika darasa la nane. Ila ukiona wewe ndiye unayehangaika zaidi kuliko mwenye shida, jua umeshaketi.

Wengi huhama bila kujua. Wapo wanaojua. Mwaka 1997 Jennifer Freyd, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza njia ambayo mkosaji anaweza kuitumia akibanwa: hukana, humshambulia anayemuuliza, kisha hugeuza kibao akawa yeye ndiye aliyeonewa. Mke anauliza, "Baba Brian, ile pesa ya karo iko wapi?" Jibu: "Pesa gani? Wewe siku hizi unapekua simu yangu. Naishi kwangu kama mfungwa!" Dakika mbili hazijapita, mke anaomba msamaha na karo haitajwi tena. Ukitaka kujua kama umezungushwa, tazama kama swali la kwanza limejibiwa. Lakini tahadhari: asiye na hatia naye hukana, tena kwa hasira. Kukana peke yake si ushahidi.

Na pembetatu hii haina kazi palipo na kipigo au vitisho. Mnyonge wa mchoro ni mtu aliyejiaminisha kwamba hana uwezo. Anayepigwa hakukaa kiti chochote, na kumwambia "wewe nawe una sehemu yako" ni kumwongezea jeraha. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inatambua pia mateso ya kihisia na ya kiuchumi, na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Nambari ya msaada ni 1195, kupiga ni bure.

Kwa ugomvi wa kawaida, nafuata alichopendekeza Acey Choy, aliyeigeuza pembetatu ya Karpman iwe ya kujenga, mwaka 1990: usijaribu kuwa mtu mwingine, geuza namna unavyokaa. Mwokozi aulize kabla ya kutoa. Mtesi aseme anachotaka bila kuadhibu. Mnyonge akiri ameumia, kisha afikirie njia. Kwa yule dada tuliandika maneno kwenye karatasi, akayasoma kwa sauti mpaka yakaacha kumkwama kooni: "Pole, ndugu yangu. Unaniomba nifanye nini, na wewe utafanya nini? Mimi nina elfu mbili. Si mkopo, na sitaitaja tena."

Humwambia kila mtu mapema kwamba ukiinuka, waliobaki watakuvuta urudi. Simu nyingine ilipokuja, dada aliyasema yote kama yalivyo. Kijana alinyamaza, akakata, akampigia shangazi. Shangazi alituma elfu tano.